Sala Tuliyoisafisha

Mke wa Paskali ndiye aliyenipigia simu. Hakusema, "Mume wangu amefariki." Alisema, "Theresia, mwenzako wa mashine ametutoka," na hapo nikajua kwamba katika nyumba ile, ambayo niliingia mara chache tu, hilo ndilo lililokuwa jina langu. Nikapanda basi la asubuhi kutoka Arusha. Tulipomaliza kukwea ukuta wa bonde juu ya Mto wa Mbu na udongo ukageuka mwekundu, nilijihisi kama mtoto anayerudishwa kwa jirani aliyemvunjia chungu. Karatu siku hizi ni mji wa nyumba za wageni na magari ya watalii yenye paa la kufunguka. Nilipofanya kazi pale ilikuwa barabara moja ya vumbi, malori ya ngano, na mbwa waliolala katikati ya njia kwa sababu walijua ratiba ya malori kuliko sisi. Saitoti alikuwa ananisubiri stendi, shuka jekundu juu ya koti la suti, ameegemea gari la mwanawe. Alikuwa dereva wa ofisi yetu mwaka ule niliofanya kazi pale, Mmaasai wa Enguserosambu aliyeshuka kutafuta mshahara na hakupanda tena. "Karibu, yeyo," alisema, akiniita mama kwa Kimaasai, heshima aliyonibandika kwa utani nilipokuwa msichana. "Umezeeka, lakini si vibaya kwa Mmbulu," akitumia jina ambalo wengi hutuitia sisi Wairaqw. Nikamwambia ng'ombe wa babu yangu walioibwa na Wamaasai bado hawajarudi. Akasema wamezaana mno, sasa itakuwa vigumu kuwatambua. Tukacheka kidogo tu, kwa sababu zamani kwenye utani huo palikuwa na mtu wa tatu. Njiani kwenda msibani Mbulumbulu aliniambia kwamba sasa tumebaki sisi wawili, na kwamba mimi ninayeandika vitabu niandike na mambo ya ule mwaka. Nikamuuliza niandike nini, aibu? "Kwani wenzako huandika nini?" akasema, macho yake yakiwa barabarani.

Basi naandika. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, wakati sabuni na sukari zilipokuwa zimeanza kurudi madukani kwa woga, na mtu akiingia na kilo ya sukari mkononi watu waliinuka kumpokea. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na ofisi ya vitabu ya parokia ilitafuta msichana anayejua kupiga taipu na kusoma Kiiraqw. Ofisi ilikuwa chumba nyuma ya kanisa ambacho zamani kilikuwa stoo ya mbegu za ngano. Ukuta haukuwa umesahau kazi yake ya zamani. Mvua ikinyesha, harufu ya dawa ya mbegu ilitoka kwenye chokaa na kutukalia kooni. Dirisha lilitazama msitu wa ukingo wa Ngorongoro, na asubuhi nyingi wingu lilikuwa limelala juu yake kama ng'ombe aliyekataa kuinuka. Chini ya dirisha hilo, juu ya meza ya mninga, ilikaa kompyuta. Mtaani waliiita runinga, na walitusikitikia kwamba tulikuwa na runinga isiyo na picha. Ilikula umeme wa betri za lori zilizopangwa sakafuni, na betri zililishwa na kioo cha jua juu ya bati. Saitoti alipanda kukiosha kwa kitambaa, akikiimbia kwa Kimaasai, na alipoulizwa alisema kitu chochote kinachotoa maziwa lazima kiimbiwe.

Mwenye mashine alikuwa Mama Ingrid, mjitolea wa kutoka Ulaya, mrefu, aliyetembea akiwa ameinamisha kichwa hata mahali pasipo na mlango. Ndiye aliyepita na kinasa sauti vijijini kuwarekodi wazee wetu, na ndiye aliyemgundua Mzee Boay. Ingawa kugundua ni neno la kwake. Kwetu Mzee Boay hakuwa amepotea. Alikuwa mkulima wa Mbulumbulu, mwenye maharage na ngano kidogo na ng'ombe wachache, na alikuwa msemaji wa slufay. Slufay ni sala ya baraka ya wazee wa Kiiraqw. Mzee husimama mbele ya watu mwisho wa kikao, au baada ya mavuno, akaiombea nchi: mvua ije bila mawe, magonjwa yashuke bondeni, kina mama wajifungue salama, ugomvi uchoke njiani kabla haujafika. Mstari mmoja mmoja. Na baada ya kila mstari watu wote waliokaa huitikia kwa neno moja, wakilivuta kooni kwa pamoja, na mstari unaofuata husimama juu ya sauti hiyo kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Paskali ndiye aliyeandika kutoka kwenye kaseti. Alikuwa kijana mwembamba wa mabega yaliyopanda, mwenye uvumilivu uliokuwa ukinichosha mimi niliyemtazama. Alisikiliza, akarudisha, akasikiliza, akaandika kwa mtindo ambao Mama Ingrid alitufundisha. Maneno hayakuandikwa matupu. Kila mstari ulianza na alama ya mkwaju iliyoinamia nyuma, ikifuatwa na herufi: hii ya anayeomba, hii ya wanaoitikia, hii ya kichwa cha sala, hii ya maelezo yetu wenyewe. Kwenye kioo cha kompyuta ilionekana kama shamba lililovamiwa na miiba. Mama Ingrid alituambia tusijali. Maandishi ya namna ile ni mahindi yaliyo kwenye maganda yake, hayaliwi hivyo, lakini yamehifadhika, na mwaka wowote mtu anaweza kuyamenya apendavyo, akatoa kitabu, akatoa kamusi, akatoa somo la shule. Kazi ya kumenya ilikuwa yangu. Nilitakiwa nizipange programu zake, ambazo zilikuja kwenye diski laini kama mfuko wa dawa usio na maelezo, zichukue maandishi ya Paskali yenye miiba na kuyageuza kurasa ambazo mtu wa kawaida angeweza kusoma.

Hakuna kitu kilichopatana na kingine. Programu moja ilisoma alama lakini haikujua mashine yetu ya kuchapia; nyingine ilijua mashine lakini ilichapa alama zote kama zilivyo, na mistari ikaenda nje ya karatasi ikiandika hewani. Siku moja kitabu kizima kilitoka kwa herufi nzito kwa sababu mahali fulani nilifungua alama nisiifunge. Tulikula makande kwenye sahani za bati, tukiyashika magotini kwa kuogopa kumwaga juu ya meza ile, na Mama Ingrid akatuletea mkate aliooka kwa ngano ya Mbulumbulu, mgumu kama tofali, na Paskali alikuwa akiutia kwenye chai akisema unyonge wake utaonekana tu. Hatimaye nikaelewa kwamba siri yote ilikuwa kwenye jedwali moja la maagizo. Upande wa kushoto unaandika alama. Upande wa kulia unaandika amri. Ukiona hii, shuka mstari. Ukiona hii, koleza. Ukiona hii, ruka. Sasa hivi nikiwaza jinsi nilivyolipenda jedwali lile, uso unanichoma. Nilikuwa msichana ambaye hata kuku wa nyumbani hawakumtii, na ghafla palikuwa na kitu kilichofanya kila nilichosema, palepale, bila kuuliza kwa nini.

Ukurasa wa kwanza safi ulipotoka tuliushika kwa ncha za vidole. Lakini slufay ya Mzee Boay haikunipendeza. Baada ya kila mstari wake ulikuja mstari wa watu, neno lilelile, ukurasa mzima, likisimama pembeni kama nguzo za uzio, na macho yangu ya shule yaliona marudio tu. Na karatasi zilikuwa adimu. Saitoti alizileta kutoka Arusha chini ya magunia, kana kwamba alikuwa amebeba nyara. Nikamsikia Mama Ingrid kibarazani akimwambia padre kwamba angependa kitabu chembamba, kitu ambacho mama anaweza kukifunga kwenye pindo la kanga. Hakuniambia mimi. Nilimaliza chai yangu, nikarudi ndani, nikatafuta kwenye jedwali alama ya wanaoitikia, na upande wa kulia nikaandika ruka. Sala ikajikusanya. Mistari ya mzee ikalala mmoja chini ya mwingine, mirefu na mifupi, na nakiri kwamba ilikuwa nzuri. Ilifanana na mashairi tuliyofundishwa kupenda. Paskali aliuchukua ukurasa, akausoma akitembeza midomo.

"Watu umewapeleka wapi?"

"Watu wapo. Nani huku asiyejua kuitikia?"

Akafikiri, akacheka kwa pua. "Kweli. Hata aliyebebwa mgongoni anajua."

Hayo ndiyo yote tuliyosema. Nimeyarudia kichwani kwa miaka yote tangu wakati ule, na kila mara naona kwamba hatukuwa wapumbavu. Tulikuwa na hoja. Neno ambalo kila mtu analo mdomoni la nini kulipotezea karatasi? Tulitoa utepe kwenye mashine ya kuchapia ili sindano zake zichome stensili, tukaifunga stensili kwenye mashine ya kurudufu ya mkono, na Saitoti akazungusha mpini akilalamika kwamba aliajiriwa kuendesha gari. Nakala ya kwanza tulimpelekea Mzee Boay. Hakujua kusoma. Aliifungua, akainusa, akasema inanuka taa ya chemli, na akataka tumwonyeshe jina lake lilipo, akakiweka kidole gumba juu yake akakiacha hapo muda wote tuliokuwa tukinywa maziwa ya mgando. Mkewe aliuliza kama sauti yake pia imo humo ndani. Sote tukacheka, na yeye mzee akacheka kuliko wote.

Kitabu kilizinduliwa baada ya mavuno, kwenye uwanja wa nyasi mbele ya kigango cha Mbulumbulu. Watu wa vilima vyote walikuja. Palikuwa na makande ya sherehe, na pombe ya mtama iliyokaa nyuma ya jengo kwa ajili ya heshima ya padre, ambaye alijua iliko. Nakala ziligawiwa, kila mtu na yake, na waliojua kusoma wakawafungulia wasiojua. Mzee Boay alikaa mbele kwenye kiti cha kukunja, mgolole begani, fimbo katikati ya magoti. Paskali alikuwa na sauti nzuri, ndiye aliyesoma. Akasimama, akasoma mstari wa kwanza, ule unaoita mvua, akanyamaza kidogo kama inavyotakiwa.

Hakuna aliyeitikia.

Nilisimama ubavuni, karibu na meza ya vitabu, na niliona kilichotokea kabla sijakielewa. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama. Vidole vilikuwa kwenye karatasi, vinafuata. Watu wale wote walikuwa Wakristo wa miaka mingi. Kitabu walichokijua ni cha ibada, na katika kitabu cha ibada sehemu ya watu imeandikwa, kwa herufi nzito, Wote. Ukifika pale unajibu. Usipoikuta, husemi kitu, yanayosomwa yanasikilizwa. Mimi mwenyewe nililelewa kwenye kitabu kile. Nilijua kujibu kwa herufi nzito kabla sijajua kuzisoma. Na sikukumbuka. Paskali akasoma mstari wa pili, na wa tatu, na sauti yake ikaanza kutafuta mahali pa kushika. Ukimya ule haukuwa wa dharau, ulikuwa wa utii, wa watu waliovaa nguo zao nzuri na kuogopa kukosea mbele ya kitabu. Lakini Mzee Boay hakuwa na kitabu cha kufuata. Yeye alikuwa na watu tu, na watu walikuwa wamemnyamazia. Kwetu, mtu aliyetengwa na majirani haambiwi kwa maneno. Haombwi moto, hapewi moto, na akisimama kuomba baraka hakuna anayemwitikia. Ndivyo anavyojua. Nikamwona akiinua uso, akigeuka polepole kwenye kiti, akiwatazama: safu ya kwanza, safu ya pili, wajomba, mashemeji, watu ambao aliwazikia wazazi wao. Kisha akageuka mbele, na Paskali alipomaliza mstari uliofuata, mzee akaitikia mwenyewe.

Sauti moja, ya kikongwe, akiijibu sala yake. Sijui kama ninaweza kumweleza msomaji asiyetoka kwetu jinsi jambo hilo lilivyo. Ni kama kumwona mtu akijipokea mwenyewe mlangoni, akijikaribisha ndani, akijiuliza habari za safari. Akaitikia mstari uliofuata pia. Kijana mmoja nyuma akacheka, akapigwa kiwiko. Mama Ingrid alikuwa na machozi. Alidhani mzee amefurahi, na akaanza kupiga makofi taratibu, akaacha alipoona yuko peke yake. Mwenyekiti wa shughuli akainama kumshika mzee bega na kusema kwa upole, huku kila mtu akisikia, "Baba, tumwache kwanza msomaji amalize." Mzee Boay akafunga mdomo. Paskali akasoma hadi mwisho, haraka, kama mtu anayekimbiza mzigo kabla haujamwangukia. Watu wakasema Amina, wakapiga makofi mengi, na vitabu vyote tulivyobaki navyo mezani vikachukuliwa. Nilisimama nikipokea pongezi. Mikono yao ilikuwa ya joto.

Kulirekebisha jedwali ilikuwa kazi ya kufuta neno moja. Nilifuta, nikaagiza upya, na watu wakarudi kwenye ukurasa wote kama walivyokuwa, kila mmoja mahali pake, kwa sababu Paskali alikuwa amewaandika na mashine haikuwa imemtupa mtu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Hatukuwa na karatasi tena, stensili zilikwisha, na vitabu vilikuwa vimekwenda shuleni, Mbulu na kwingineko, kwenye mapindo ya kanga. Niliichapa nakala moja tu, ya mzee, nikamwomba Saitoti anipeleke. Tulimkuta akipepeta maharage na mkewe. Alitukaribisha vizuri mno. Nikamweleza habari za alama na amri na kuruka, na nilivyozidi kueleza ndivyo Kiiraqw changu kilivyonipungukia, mpaka nikawa nachomeka Kiswahili, na Kiswahili nacho kikaniacha. Saitoti alikuwa ameinama anaangalia viatu vyake.

"Sikukasirika, mwanangu," mzee alisema. "Niliogopa. Nilitazama uso mmoja mmoja nikimtafuta niliyemkosea."

Kisha akaniambia kwamba tangu siku ile alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwauliza majirani kosa lake. Alisema bila kulaumu, kama mtu anayeeleza kazi za shamba. Kila nyumba ilimshangaa na kumwambia hakuna kosa, wao walikuwa wanafuata kitabu. Ndipo akaniuliza swali lake, moja tu: kitabu kiliwakataza? Nikasema hapana, Baba, hakikukataza, hakikusema tu. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwomba asome, yaani aombe, tena, turekodi upya, na mimi nitasimamia kila neno. Akasema amechoka kidogo, labda baada ya mvua. Mvua zilikuja zikapita. Nakala yangu aliipokea kwa mikono miwili, lakini safari hii hakuinusa. Kabla mwaka haujaisha Mama Ingrid alikuwa amerudi kwao, nami nikapata nafasi ya kusoma Dar es Salaam na nikaishika kama mtu anayeshika kamba. Mzee Boay alifariki nikiwa huko. Niliambiwa hakuwahi kusimama tena mbele ya watu.

Tulifika nyumbani kwa Paskali jeneza likiwa limeshatolewa nje. Misa ilisomwa, wasifu ukasomwa, na ndani ya wasifu walimtaja kama mtu aliyehifadhi sala za wazee wetu. Saitoti hakunitazama, nami sikumtazama. Kisha, kando ya kaburi, mpwa wa marehemu, mwalimu wa sekondari, kijana mtaratibu wa miwani, akasema kwamba kwa heshima ya mjomba wake atatusomea slufay. Akatoa simu. Sala yenyewe ilikuwa ya Mzee Boay. Niliitambua kwa mstari wa kwanza, ule wa mvua, na nikajua kwa jinsi ilivyokaa kwamba mtu fulani, mahali fulani, alikuwa amekichukua kitabu chetu chembamba akakiingiza mtandaoni kama kilivyo. Akasoma vizuri. Akaacha pumziko baada ya kila mstari, kama shairi. Na watu wakainamisha vichwa, vijana kwa wazee, mikono ikiwa imekunjwa mbele, wakisikiliza kwa heshima kubwa. Niliangaza nikitafuta uso unaosita, mtu mmoja ambaye koo lake linacheza. Walikuwa wametulia kabisa. Hawakuwa wakifuata kitabu chochote tena. Kwao sasa, ndivyo slufay inavyofanywa.

Nikaitikia. Sikuwa nimekusudia; mdomo ulifunguka na neno likatoka, limevutwa kooni kama inavyopasa, likaenda peke yake juu ya kaburi. Watu wakageuka. Binti mmoja ambaye simfahamu akaja akanishika mkono, akaniegemeza kwake, akaniambia pole mama, jikaze, na mwingine akaleta kiti. Mstari mwingine ukasomwa, nikaitikia tena, na yule binti akanipapasa mgongo kama anavyopapaswa mtu aliyezidiwa na msiba. Saitoti alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, Mmaasai peke yake katikati ya Wairaqw, midomo yake imebanwa, machozi yanamtoka. Yule mwalimu akashusha simu, akanitazama kwa huruma, akasubiri kwa adabu ninyamaze ili aendelee.